Khitma Nyumbani kwa Sarpin

Tarmuji aliingia kwa mama yake akiwa ameinama, na hata hivyo paji la uso likagonga boriti. Alisahau. Alizaliwa katika nyumba hiyo, akaoa akiwa bado anaishi humo, lakini mwaka mmoja tu wa kuishi Makazi Mapya, kule juu karibu na barabara kuu, ulimsahaulisha kwamba kwao sakafu hupanda na dari hubaki palepale.

"Pole," mama yake alisema bila kugeuka. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. "Baba yako alimwaga kifusi humu mara tatu. Ungekuwa unakuja, kichwa chako kingeshajua."

"Nakuja, Mama."

"Unakuja kama mwezi wa Shaabani."

Tarmuji alikaa chini akijisugua. Mlangoni maji yalikuwa yamejaa kimya kimya mpaka ngazi ya pili, maji ya bahari yenye povu la kahawia, pale ambapo zamani palikuwa na uchochoro, duka na jukwaa la harusi za watu. Kijiji cha Rejosegara, pwani hii ya Wajava, kilikuwa kimeliwa taratibu. Waliokuwa na nguvu ya kununua kifusi waliinua sakafu zao, mwaka baada ya mwaka, na waliochoka walibomoa mbao zao wakaondoka. Sasa zilibaki nyumba mbili tu zenye watu: ya Warsiti, mama yake Tarmuji, na ile ya pili, ng'ambo ya maji, ambayo ndani ya nyumba hii haikutajwa kwa jina.

"Mama, tusizungushane. Khitma ya baba tuifanyie kwangu. Msikiti uko jirani, kuna lami, na watu wote wa hapa wako kule. Hapa utamwalika nani? Vyura?"

"Vyura wamehama. Maji ya chumvi hawayataki."

"Ndiyo maana nasema!"

Warsiti aliuweka ungo chini. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na alipotaka kusema jambo zito aliliteremsha zaidi.

"Baba yako alishawahi kufika kwako?"

Sarpin, baba yake Tarmuji, alikufa kabla nyumba ile haijapauliwa.

"Hajawahi. Basi. Hii ni siku yake ya elfu, Muji. Ndiyo mara ya mwisho anakuja kusikiliza anachosomewa, halafu haji tena. Atakuja wapi? Atakuja hapa. Akute kumefungwa, kuna giza, mimi nimekaa kwako natazama televisheni? Nimemuahidi kwamba siku hiyo atakuta watu kwenye mkeka wake. Hakuomba kingine."

Wote pwani ile waliamini hivyo, na Tarmuji, pamoja na kazi yake ya kiwandani na pikipiki yake, aliamini hivyo vilevile. Alivuta pumzi.

"Na nani atapita kualika? Mimi niko zamu mpaka siku yenyewe."

"Nitaalika mwenyewe."

"Mwanamke apite milangoni kualika khitma?"

"Basi nitafutie mwanamume uniazime, nikimaliza nitamrudisha."

Tarmuji alicheka bila kupenda. Kisha akaelekeza kidevu dirishani, kwenye paa la ng'ambo. "Na yule?"

"Yule hayumo," alisema Warsiti, akarudia mchele wake.

Yule alikuwa Dulmanan. Yeye na Sarpin waligombana juu ya tuta la kutenganisha mabwawa yao ya kufuga samaki wa mwatiko, nani alimwingilia mwenzake, na ugomvi huo ulidumu hata baada ya bahari kulimeza tuta pamoja na mabwawa yote mawili. Wanaume wawili walinuniana juu ya mstari ulio chini ya maji. Sarpin alikuwa amesema mara nyingi, mbele ya mkewe, kwamba mtu yule asikae kwenye mkeka wake. Warsiti hakuwahi kuuliza kama maneno hayo yalihusu maisha tu au na mauti pia.

*

Warsiti alipiga kasia mpaka ukingo wa barabara, akafunga kimtumbwi chake kwenye nguzo ya umeme, akatembea juani hadi Makazi Mapya. Nyumba zote kule zilifanana, na ilimbidi kuuliza. Ngatinah, aliyekuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimpokea kwa kelele za furaha, akamkumbatia, kisha akamwona miguu.

"Ingia, Yu, dada yangu, ingia! Subiri kidogo tu." Akakimbilia jikoni, akarudi na magazeti, akayatandaza juu ya marumaru kutoka mlangoni hadi kwenye kiti kimoja. "Usijali, ni tope tu. Wewe kanyaga hapa."

Warsiti alikanyaga pale. Mikono yake ndiyo iliyompokea mtoto wa tatu wa Ngatinah, juu ya meza, usiku maji yalipoingia ndani. Sasa alikaa ukingoni mwa kiti ameibana saruni yake, akitazama picha za mawaziri zilizolowa chini ya nyayo zake.

Jumadi, mume wa Ngatinah, alitoka chumbani akifunga vifungo. Ndiye aliyekuwa akiongoza dua za Rejosegara tangu enzi za ujana wake.

"Yu Warsiti! Umekuja mwenyewe? Tarmuji anaumwa?"

"Yuko kazini." Alikaa sawa, akasema maneno ya kualika kama alivyomsikia Sarpin akiyasema miaka yote, taratibu na kwa heshima: kwamba wenye nyumba wanaomba radhi kwa kukosa adabu, kwamba siku ya elfu ya marehemu imefika, kwamba wanamsihi afike na wenzake, Jumapili baada ya alasiri, kabla maji hayajapanda.

Jumadi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Inshallah. Tutakuja na pikipiki mpaka ukingoni, mitumbwi itatuchukua." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Kaka yetu, Kang Dulmanan, umeshampitia?"

"Bado."

"Huwa tunaanza na wa karibu, Yu. Anayesikia harufu ya jiko lako."

"Nitampitia nikirudi."

Alipita nyumba nyingine kumi na zaidi. Wengine walifurahi kweli. Wengine walimpokea wamesimama. Mmoja, kijana aliyekuwa akiiba maembe yake wakati bado kulikuwa na miembe, alimwambia, "Bibi, si uhamie tu huku tupumzike sote?" na watu wa barazani wakacheka, na yeye akacheka nao.

Jua lilikuwa limeinama alipogeuza mtumbwi kuingia kwenye mkondo wa kijiji. Njia ilipita mbele ya nyumba ya Dulmanan, hakukuwa na njia nyingine. Mzee alikuwa kibarazani akishona wavu. Alipouona mtumbwi alisimama. Warsiti, kwa pembe ya jicho, alimwona akiweka wavu kando, akifunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akirekebisha kofia yake nyeusi. Mtu hujiweka hivyo anapojua anakuja kualikwa na hataki kukutwa ovyo.

Warsiti alitazama maji. Kasia liliingia na kutoka, likaingia na kutoka, na nyumba ikapita. Aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini alijiambia kwamba si yeye aliyeikata kauli hiyo, ni Sarpin, na maneno ya maiti hayapunguzwi. Alipofunga mtumbwi kwake na kugeuka, Dulmanan alikuwa bado amesimama. Halafu akafungua kifungo cha juu, akakaa, akachukua wavu wake.

*

Jumapili Warsiti aliamka kabla ya adhana, adhana ambayo sasa ilitoka mbali na ilitegemea upepo. Zamani upishi wa khitma ulikuwa kazi ya wanawake kumi: wa kukuna nazi, wa kukaanga tambi, wa kufunga vifurushi vya chakula vya wageni, na mmoja asiyefanya lolote ila kuwasema wengine. Leo alikuwa wanawake wote hao peke yake. Aliwapika kuku wawili wa mwisho, akachemsha mayai, akakaanga mwatiko wa kununua, yeye aliyewahi kuwauza kwa vikapu. Alioka apem, vitumbua vyeupe vya mchele ambavyo khitma ya Kijava haiwezi kukosa, kwa kuwa ni vya marehemu. Alijikuta akijisema mwenyewe kwa sauti kwamba tambi zimezidi chumvi, akajijibu kwamba asiyetaka asile.

Adhuhuri upepo ukageuka ukavuma kutoka magharibi. Aliujua kwa jinsi mabati yalivyoanza kulia. Maji yalipanda ngazi ya pili, yakapanda ya tatu, mapema kuliko yalivyopaswa. Aliinua vifurushi vyote, vilivyopangwa vizuri ndani ya vikapu vya plastiki, akaviweka juu ya kitanda. Akatandaza mikeka miwili sebuleni. Akabandika birika.

Simu ililia.

"Mama." Upepo ulikuwa unamla Tarmuji maneno. "Tumefika daraja la kwanza. Barabara imekatika, Mama. Maji yako magotini na yanakwenda kasi, pikipiki mbili zimezimika. Jumadi anasema turudi."

"Subirini yapungue."

"Hayapungui leo. Mama, sikiliza. Tumekubaliana tutasoma msikitini, sasa hivi, wote thelathini. Yasini yote, tahlili yote. Dua ni ileile. Itamfikia."

"Najua itamfikia."

"Sasa?"

"Na yeye akifika hapa, atamkuta nani?"

Kwenye simu zilisikika sauti za wanaume wakiitana waishike pikipiki ya mtu.

"Atakukuta wewe, Mama," Tarmuji alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Warsiti aliweka simu juu ya kabati. Alikaa kwenye mlango wa jiko, mahali ambapo wanawake hukaa wakati wanaume wanasoma, akatazama mikeka miwili mitupu. Hakuwa amekasirika na yeyote. Wangefanya nini? Lakini upweke ulimshika pale, wazi wazi, upweke ambao hakuusikia hata usiku wa maziko, kwa kuwa usiku ule nyumba ilikuwa imejaa watu mpaka wengine walikaa ngazini. Alifikiri: mume wangu ameshaingia, amesimama hapo, anahesabu. Akaona haya kwa ajili yake, kama mke anayeona haya mgeni anapokuta nyumba haina sukari.

Ndipo aliposikia maji yakipasuliwa na mtu anayetembea.

*

Dulmanan alisimama chini ya ngazi, maji yakiwa kiunoni. Alikuwa amevuka pale uchochoro ulipokuwa, ambapo maji yalimfika kifuani, na saruni kavu ameikunja kichwani chini ya kofia. Alikuwa mwembamba kuliko alivyoonekana kutoka mbali.

"Assalamu alaikum."

Warsiti alisimama mlangoni.

"Sikuitwa," alisema mzee. Alitazama nguzo ya baraza, hakumtazama yeye. "Najua sikuitwa. Lakini nimesikia harufu tangu alfajiri, na alasiri imepita, na sisikii sauti za watu. Nikasema niulize tu kama kuna baya. Kama hakuna, narudi."

Kwenda kwenye khitma bila mwaliko ni jambo ambalo mtu wa pwani ile hulifanya mara moja tu maishani, kwa sababu aibu yake haisahauliki. Watoto humwimbia nyimbo za kumdhihaki. Warsiti alijua, na Dulmanan alijua kwamba anajua.

Warsiti alishuka ngazi moja, akakunja mikono mbele, akasema, "Kang Dulmanan. Wenye nyumba wanaomba radhi kwa kukosa adabu. Siku ya elfu ya Sarpin imefika. Anakusihi ufike nyumbani kwake umsomee."

Mzee aliinua macho. "Amesema hivyo?"

"Hajasema. Nasema mimi."

Dulmanan alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei anayoiweza. "Basi geuka nivae saruni."

Aliingia akiinama bila hata kutazama juu. Nyumba yake nayo ilikuwa hivyohivyo. Alisita ukingoni mwa mkeka, mguu mmoja nje, mmoja ndani, kisha akakaa katikati kabisa, akakunja miguu, na mikeka ile miwili ikaonekana mikubwa zaidi.

"Yu," alisema, "mimi si Jumadi. Yasini naijua, ila kuna mahali naparuka nikiharakishwa. Na tahlili ina wa kuongoza na wa kuitikia. Nani ataitikia?"

"Mimi."

"Ukiwa wapi?"

"Hapahapa mlangoni mwa jiko. Pazia nimelifunga?"

"Hapana."

"Basi usianze."

Alimwekea mgeni kifurushi mbele, akalishusha pazia, akakaa nyuma yake, na Dulmanan akasafisha koo. Sauti yake ilikuwa kavu na isiyo na lahani, lakini ilikuwa sauti ya mwanamume ndani ya nyumba ile, na mwanzoni Warsiti hakuweza kufuata maneno kwa ajili ya kuisikiliza. Upepo ulipiga mabati. Maji yalikuja mpaka kizingitini, yakalamba, yakarudi. Katikati ya Yasini mzee akasita ghafla.

"Umeruka," alisema Warsiti nyuma ya pazia.

"Sikuruka."

"Umeruka aya mbili nzima."

Mzee akarudi nyuma, akaanza tena, kwa sauti ya kununa. Walipofika kwenye tahlili aliongoza na yeye akaitikia, la ilaha illallah, mmoja huku na mmoja kule, mpaka wakashika mwendo, na Warsiti akafumba macho. Aliyataja majina ya wazazi wa Sarpin ili yaombewe, na Dulmanan, bila kuambiwa, akayataja ya babu zake Sarpin, maana aliyajua. Ilipofika dua ya mwisho Warsiti alisema amina kwa sauti kubwa iwezekanavyo, kama alivyosikia wanaume thelathini wakisema.

Halafu ikawa imekwisha. Alijua kwamba Sarpin ameondoka. Hakuona kitu wala hakusikia kitu, ila alilia, akalia sana, ameshika ukingo wa pazia, na mgeni wake akakaa amekitazama kifurushi mbele yake bila kukigusa wala kukohoa.

Alipotoka na chai na sahani ya apem na mayai, macho mekundu, Dulmanan alikunywa yote kwa mara moja ingawa ilikuwa ya moto.

"Kesho kutwa," alisema, "binti yangu anakuja na lori mpaka barabarani. Mbao nimeshaziuza. Nakwenda kuishi naye mjini Kudus."

Warsiti alishika birika. "Hukusema."

"Ningemwambia nani?" Alizungusha glasi. "Alitaka kunichukua tangu mvua zilizopita. Nikamwambia ngoja, siku ya elfu ya Sarpin ipite kwanza. Nilijua upepo wa magharibi ukichafuka hafiki mtu. Nikasema, wakipungukiwa wataniita." Akaweka glasi chini. "Haya, Yu. Nimeshiba dua. Naomba ruhusa."

Alichukua kifurushi kile, haki yake, kwa sababu aliyesoma haondoki mikono mitupu. Aliinama mlangoni. Nyuma ya bega lake Warsiti aliona maji yalivyoenea, na paa lile moja, na akaliona kesho kutwa likiwa limeondolewa. Hakutakuwa na mtu wa kushona wavu. Hakutakuwa na mtu wa kumpita akitazama maji. Hata wa kununiana naye hatabaki. Kinywa chake kikafunguka chenyewe.

"Lile tuta lilikuwa letu."

Dulmanan alisimama, mguu mmoja ngazini. Aligeuka polepole.

"Unasemaje?"

"Tuta. Lilikuwa la Sarpin, mpaka kwenye mkoko mkubwa. Kila mtu alijua, walikuwa wanakuonea haya tu."

"Mkoko mkubwa?" Sauti ya mzee ilipanda ghafla kwa namna ambayo haikupanda katika Yasini yote. "Mkoko ule niliupanda mimi! Kwa mkono huu!"

"Ulipanda kwenye ardhi ya watu."

"Thubutu! Mama Tarmuji, wewe ulikuwa jikoni, utajua nini? Nani alikuambia? Yeye?"

"Nilikuwa napeleka chakula bwawani kila siku. Nina macho."

Dulmanan alirudi ndani, akainama, akakaa kwenye mkeka kwa kishindo. Kifurushi akakitupa pembeni. Alitazama huku na huku akitafuta kitu, akaivuta sahani ya apem, akaanza kuvipanga vitumbua juu ya mkeka mmoja mmoja, kwa mstari ulionyooka.

"Hili bwawa langu. Hili lake. Huu mfereji. Mkoko uko hapa." Akaweka yai la kuchemsha. "Na tuta linapita hivi. Hivi! Sasa nionyeshe wapi nimemwingilia."

Warsiti alitoka mlangoni mwa jiko. Alikanyaga mkeka, akakaa mbele yake, akautazama mstari wa vitumbua kwa muda mrefu bila haraka yoyote. Nje upepo ulikuwa bado unavuma. Akanyoosha kidole, akakisogeza kitumbua cha katikati kuelekea upande wa mzee.

Dulmanan alikirudisha. "Sogeza tena uone."

Akakisogeza.